Kwa mliopiga bendi mkiwa vijana hapa Mombasa: mlirudi vipi kwa wenzenu mliowaacha?

Mpigabesi wa Tudor anauliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu, na salamu kwa wasomaji wote wa kila imani.

Mimi ni mstaafu wa bandari ya Kilindini, mkazi wa Tudor, na umri wangu ni miaka 66. Kuanzia mwaka 1974 hadi 1979 nilipiga gitaa la besi katika bendi ya vijana watano, watatu wa Tudor na wawili wa Majengo, na tulipoanza mkubwa wetu alikuwa na miaka 17. Swali langu ni kwa wale waliopiga muziki wa dansi katika umri ule, kisha maisha yakawapeleka kwingine. Naomba mnivumilie nieleze habari yote, kwa sababu swali lenyewe halieleweki bila ya habari yake.

Hatukuanza na chombo chochote cha kununua. Besi yangu ya kwanza niliichonga kwa ubao wa mvule niliopewa na seremala jirani yetu, nyuzi zikiwa ni waya za breki za baiskeli, na mahali pa kunasia sauti nilifunga kipande cha sikio la simu mbovu nikakiunganisha na redio ya vali ya marehemu babu yangu. Sauti yake ilikuwa nzito yenye mkwaruzo, na kila nilipopiga uzi wa chini redio ilitetema juu ya meza hata vikombe vikahama mahali pake. Waya ule ulinikata vidole mpaka nikawa nauficha mkono wakati wa kula, kwa kuwa kula wali kwa vidole vyenye vidonda huku achari ya pilipili inaingia ndani yake ni jambo ambalo mama hachelewi kuligundua.

Mwaka 1976 tulimpata mtu wa kutukodisha vyombo vya kweli: magitaa matatu, dramu, tumba mbili na amplifaya, kwa makubaliano kwamba mwenye vyombo achukue nusu ya kiingilio, na nusu iliyobaki tuigawane watano baada ya kumlipa mwenye mkokoteni. Tulipiga katika dansi za mchana za Jumapili, ambazo vijana wa wakati ule waliziita bugi. Tulikuwa wapiga kopi kama walivyokuwa wengi: rumba ya Franco, nyimbo za Simba Wanyika, soul za Kimarekani, na nyimbo za Fundi Konde kwa ajili ya wazee waliokuja kukaa mlangoni ili kuwalinda binti zao. Them Mushrooms walikuwa wameanza papa hapa Mombasa mwaka 1972, nasi tuliwatazama kama kaka waliotangulia na kutuonyesha kwamba mtoto wa Pwani anaweza kuishi kwa gitaa. Ramadhani ilipoingia vyombo vilifunikwa kwa mwezi mzima, na mwezi huo tuliutumia kutunga nyimbo zetu wenyewe kwa mdomo tu, tukikaa barazani baada ya tarawehe na kuhesabu mapigo kwa vidole.

Nakumbuka zaidi kazi za upande wa Nyali. Daraja la sasa lilikuwa bado, kwani lilifunguliwa mwaka 1980, na sisi tulivuka kwa lile la zamani lililoelea juu ya maboya. Tulisukuma mkokoteni wa vyombo alasiri, mmoja mbele, wawili nyuma, na wawili ubavuni wakiishika dramu, kwa sababu lori likipita daraja lilinepa na kila kitu juu ya mkokoteni kikataka kubingirika. Mpiga solo wetu hakuliweka gitaa lake juu ya mkokoteni hata siku moja. Alilibeba mgongoni, limefungwa ndani ya leso ya mama yake.

Mwaka 1979 hoteli moja ya Pwani ya kaskazini ilitaka bendi ya kudumu, nasi tukaitwa kwenda kutia sahihi. Marehemu baba yangu alikuwa amefanya kazi katika Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 alikaa miezi kadhaa hajui mwajiri wake atakuwa nani, mpaka ilipoundwa Mamlaka ya Bandari ya Kenya mwaka uliofuata. Hofu ile haikumtoka. Nafasi ya karani ilipopatikana bandarini aliniombea, akaniita chumbani, akaniambia: "Mwanangu, hoteli hufungwa mvua zikinyesha, lakini meli haingoji msimu. Mshika mawili moja humponyoka." Sikumjibu kitu.

Tulikuwa tumeagana kukutana kituo cha basi cha Buxton saa saba mchana. Sikwenda. Nilimtuma mdogo wangu na kibarua cha mistari miwili, na Jumatatu iliyofuata nikaingia bandarini, ambako nilikaa hadi nilipostaafu. Nilianza kwa kuhesabu magunia yaliyokuwa yakipakiwa melini kwa wavu wa winchi, na nikagundua kwamba nikihesabu kwa mapigo sita ya chakacha, ile ngoma yetu ya Pwani, sikosei hesabu hata kelele ziwe kubwa namna gani. Kwa miaka hiyo yote huo ndio muziki pekee niliokuwa nao. Besi sikuigusa tena, na bendi nilisikia imevunjika.

Sasa wenzangu wawili wametangulia mbele ya haki, na mmoja yuko ng'ambo. Mpiga solo, ambaye kwa miaka 46 nimekutana naye njiani na mazikoni tu tukaulizana hali na kupita, amenipigia simu kuniomba nipige naye katika harusi ya binti yake wa mwisho. Nimemjibu kwamba nitafikiri. Ninayo pia kaseti moja iliyorekodiwa ukumbini mwaka 1978, ambayo sijathubutu kuicheza.

Naomba mniambie: aliyeacha chombo kwa muda mrefu namna hii anaweza kurudi? Na aliyewaacha wenziwe kituoni anaingia vipi katika mazoezi yao kana kwamba hakuna kilichotokea?


Mpiga Rithimu wa Kisauni anajibu:

Kaka Mpigabesi, waaleikum salaam. Nimeisoma habari yako mara mbili, na ningependa nikueleze kilichokuwa ndani ya ule mlango ambao hukuingia, kwa sababu mimi niliingia mlango kama ule mwaka 1983 nikiwa na miaka 20, na nikatoka mwaka 1997.

Mkataba wetu ulikuwa wa msimu. Wageni walijaa kuanzia Desemba hadi Machi, na mvua za masika zikianza hoteli ilifunga vyumba, nasi tukarudishwa nyumbani bila mshahara mpaka Julai, kwa hiyo alilokwambia mzee wako halikuwa tusi kwa muziki, lilikuwa ni hesabu sahihi. Tulipiga sehemu tatu kila usiku. Ya kwanza ilikuwa ya chakula, taratibu, mtu asilazimike kupaza sauti mezani. Ya pili ya kucheza. Na ya tatu ya wale waliobaki. "Jambo Bwana", ambao Teddy Kalanda Harrison aliutunga na Them Mushrooms wakautoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, tuliupiga kila usiku bila kukosa, na kwa kuwa Boney M nao waliuimba kwa namna yao mwaka 1983, wageni wa Kijerumani walifika wakiwa wanaujua kabla hawajashuka kwenye ndege. Kuna usiku tuliupiga mara nne. Siudharau wimbo huo, umelisha nyumba nyingi za Pwani, ikiwa ni pamoja na yangu, lakini ukiupiga kila usiku kwa miaka 14 mkono huacha kusikiliza.

Nitakwambia ni lini tulikuwa bendi ya kweli. Ni ile sehemu ya tatu, baada ya saa tano, wageni wamekwenda kulala na meneja amefunga ofisi. Wapishi na wafagiaji walikuwa wakitoka jikoni na kusimama nyuma ya mlango wa vyombo, na hapo ndipo tulipopiga nyimbo zetu wenyewe. Mpishi mmoja wa Kimijikenda alizoea kutuomba tuingize mwanzele, na akishaanza kuimba tulimfuata yeye, wala si yeye kutufuata sisi. Muziki nilioupenda niliupiga kwa nusu saa kwa siku, na saa tatu nyingine zilikuwa kazi kama hesabu zako za magunia.

Mwezi wa Agosti mwaka 1997 yalitokea yale mashambulizi ya Likoni, kusini mwa kisiwa penye feri, ambapo watu wengi waliuawa. Sisi tulikuwa upande wa pili wa kisiwa, mbali na feri, lakini aliyekuwa ameshapanga safari huko Ulaya hakuangalia ramani, alivunja safari yake, na katika muda wa wiki chache ukumbi ukawa na meza sita zenye watu. Bendi ndiyo iliyotolewa kwanza. Wageni waliporudi, hoteli nyingi zilikuwa zimegundua kwamba mtu mmoja mwenye kinanda cha umeme kilichohifadhiwa midundo anatosha, na kazi ya watu watano ikafanywa na mmoja. Tangu hapo ninakodisha spika na maikrofoni kwa harusi na matanga hapa Kisauni, na sikio langu la kushoto, lililokuwa upande wa matoazi ya dramu kwa miaka 14, halisikii tena sauti nyembamba. Mjukuu wangu akinong'ona upande huo najua amenong'ona kwa sababu ya pumzi yake tu.

Kuhusu mikono, nakujibu kama fundi. Vidole vitarudi. Ngozi ya ncha za vidole itauma kwa wiki mbili tatu, kisha itakuwa ngumu, mradi upige dakika 20 kila siku na uache kabla ya kutoka damu, usipige saa mbili Jumamosi halafu ukae wiki nzima. Tafuta nyuzi nyembamba kuliko ulizozizoea, na uzishushe nusu hatua chini ya sauti ya kawaida, ili uzi ulegee na kidole cha miaka 66 kisipigane na waya. Mwambie solo naye ashushe. Kano za kifundo cha mkono zikianza kuuma, badili namna unavyolishika gitaa. Usikaze zaidi. Na usisimame mbele ya spika wala ubavuni mwa matoazi, nakuomba sana.

Hilo swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza, nami sina haki ya kulijibu, kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa waliobaki.


Mstaafu wa Changamwe anajibu:

Mzee mwenzangu, mimi sikuwahi kupiga chombo, lakini nami nilikuwa bandarini na nitasema ninavyoona. Baba yako alifanya sawa. Umesomesha watoto, una pensheni yako, unaishi kwako. Kijana wa miaka 20 aliyemtii mzazi wake hadaiwi na mtu, na nadhani unajibebesha mzigo ambao wenzako walishautua zamani. Nenda kapige kwenye harusi, ule pilau, urudi nyumbani. Ukianza kuomba radhi kwa jambo la mwaka 1979 utamtia mwenzako aibu mbele ya wageni wake.


Bi Mkubwa wa Kibokoni anajibu:

Ndugu yangu wa Changamwe, kwa heshima zote, siafikiani nawe, na nitaeleza kwa nini.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mwanachama wa Ibinaal Watan katika siku za lelemama, wakati wanawake wa Mombasa walipokuwa na vyama vyao vya ngoma na vyeo vyao, wakishindana na wenzao wa Banu Saada kwa nyimbo na kwa mapambo. Alinisimulia kwamba mwanamke akitoka chama kimoja bila kuaga, hata kama ametoka kwa sababu njema ya ndoa au ya msiba, nafasi yake katika safu iliachwa wazi siku ya ngoma ijayo ili kila mtu aione. Haikuwa adhabu. Maana yake ilikuwa kwamba huyu alikuwa mtu, na mahali pake panajulikana. Akirudi, alikwenda kwanza nyumbani kwa kiongozi mchana, akakaa, akasema, ndipo akarudi katika safu.

Mimi mwenyewe niliimba na bendi ya vijana kwa muda wa miaka miwili, nikiwa na miaka 16 na 17, kwa siri, nikitoka nyumbani na buibui na kuliacha kwa rafiki yangu wa Ganjoni. Nilipoposwa niliacha siku ile ile. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikumweleza mtu, na wale vijana walifika ukumbini wakiwa na nyimbo nne ambazo hakuna mwingine aliyezijua maneno yake. Kwetu sisi wanawake mlango wa dansi ulifungwa lakini ule wa harusi haukufungwa: nilipokwisha kuzaa wanangu wawili nilianza kuimba taarabu katika kupamba, mbele ya wanawake peke yao, nikatunzwa noti na leso, na nimeimba hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Nilipata zaidi ya nilichokiacha. Lakini mpiga tumba wa ile bendi nilikutana naye sokoni Mackinnon akiwa mzee, na neno la kwanza alilonitamkia baada ya salamu lilikuwa jina la wimbo. Hakulitaja kwa hasira. Alikuwa anataka maneno ya ubeti wa pili, ambayo alikuwa ameyatafuta kichwani mwake miaka yote hiyo. Nilimwimbia pale pale mbele ya vikapu vya ndimu, na nikaona haya kwamba sikumpelekea mapema.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, kaka: usiende mazoezini kwanza. Nenda kwake mchana, bila gitaa, useme lile ambalo kibarua cha mistari miwili hakikulisema. Akiona aibu, itakuwa ni mbele yako tu.

Na nikuulize, harusi hiyo ni usiku upi? Kama ni kupamba hamtaingia, ninyi wanaume, na mtalazimika kupiga nje. Kama ni karamu ya wote, basi wageni watataka chakacha, na hapo nakuomba jambo moja kwa niaba ya wachezaji. Vijana wanaopiga besi siku hizi wanaijaza chakacha kwa noti nyingi mno. Katika ngoma yenyewe chapuo, ile ngoma ndogo, ndiyo inayosema sana, na vumi, ngoma ya sauti nene, huja chini, chache, nzito, na kiuno humfuata vumi. Yale mapigo sita mguu huyagawa mara mbili na kiuno huyagawa mara tatu, na ni vumi inayovishika viwili hivyo visiachane. Mombasa Roots walipoitia chakacha katika vyombo vya umeme walilielewa hilo, ndiyo maana kina mama walikubali kuicheza. Besi yako iwe vumi. Acha nafasi.


Fundi wa Mwembe Tayari anajibu:

Mzee wangu Mpigabesi, shikamoo. Mimi ni kijana kwenu, natengeneza redio na vinasa sauti, na nimeshtuka kidogo kusoma habari ya hiyo kaseti. Tafadhali usiitie katika redio yoyote ya nyumbani kabla ya kuikagua.

Itazame kwanza kwenye mwanga. Ukiona vumbi jeupe ukingoni mwa utepe, huo ni ukungu wa unyevu wetu wa Pwani, na ukiicheza hivyo utachafua mashine na kuuchana utepe. Angalia pia kile kisponji kidogo chenye kitambaa kilicho katikati ya mdomo wa kaseti. Kwa kaseti za umri huo gundi yake hukauka na kikadondoka, na bila ya hicho utepe hauligusi jicho la mashine sawasawa, sauti ikasikika kama iko chini ya maji. Kama ganda lina skrubu tano hufunguliwa na kubadilishwa upesi. Kama limegandishwa, itabidi lipasuliwe kwa uangalifu na utepe uhamishiwe katika ganda jingine. Zungusha magurudumu kwa kalamu, polepole, uone kama utepe unatembea bila kushikana. Kisha tuicheze mara moja tu, na mara hiyo hiyo tuihifadhi katika kompyuta, kwa sababu huenda isikubali mara ya pili. Fundi yeyote anayejua kaseti atakufanyia, si lazima mimi. Usiiache juani wala juu ya spika, maana sumaku ya spika hufuta.


Mpigabesi wa Tudor anarudi:

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kukaa kimya kwa wiki tatu. Nilitaka nirudi nikiwa na la kusema.

Ndugu yangu wa Changamwe, nimekuelewa, na najua umesema kwa nia njema, lakini nilifuata alivyoshauri Bi Mkubwa. Nilikwenda Majengo siku ya Alhamisi baada ya adhuhuri, bila gitaa, nikamkuta mwenzangu barazani akichambua majina ya waalikwa. Nilimwambia lililonileta. Alinisikiliza hadi mwisho, akaikunja ile karatasi, akaniambia: "Tulikungoja Buxton mpaka adhana ya alasiri. Kisha tukaenda wanne."

Sikuwa nikilijua hilo. Miaka yote 46 niliamini kwamba hawakwenda. Walikwenda, wakajaribiwa usiku nne, yeye akipiga solo na kujaribu kuishika besi kwa nyuzi za chini za gitaa lake, na usiku wa tano wakaambiwa wasije. Nilimuuliza kama walifukuzwa kwa sababu ya kukosekana kwangu. Alifikiri kwa muda, akasema kwamba miaka mingi alikuwa na yakini kwamba ndiyo sababu, na alinikasirikia sana, hasa alipokuwa Nairobi akilala njaa. Lakini bendi iliyochukua nafasi yao ilikuwa na saksafoni mbili na vyombo vyake yenyewe, na siku hizi hajui tena. Akaniambia pia kwamba kile kibarua changu kilikuwa na kosa la tahajia, na kwamba walilicheka wakiwa ndani ya basi, na kwamba hicho ndicho kicheko cha mwisho anachokikumbuka wakiwa wote wanne pamoja. Mke wake alituletea kahawa na halua, na tulikaa mpaka magharibi tukiwataja marehemu wetu wawili, nani alikuwa akichelewa na nani alikuwa akiimba pembeni ya sauti.

Kaseti ilikuwa na skrubu, na kile kisponji kilikuwa kimedondoka kweli. Imehifadhiwa. Kuna nyimbo saba ndani yake, tatu ni zetu, na katika wimbo wa nne unasikika mlango ukigongwa na mtu akiuliza kwa sauti kubwa nani mwenye mkokoteni. Besi iko juu mno. Nilikuwa najaza kila nafasi, Bi Mkubwa, kama vijana wale unaowasema.

Mpiga Rithimu, nimenunua nyuzi nyembamba na nimezishusha nusu hatua. Wiki ya kwanza iliuma kama ulivyosema, na sasa ncha za vidole vitatu zimeanza kukauka. Harusi si kupamba, ni karamu ya wote uani baada ya nikaha, nasi tunahitaji mtu wa rithimu na wa kutukodisha spika mbili. Mazoezi ni Jumamosi baada ya swala ya alasiri, Majengo, nyumbani kwake. Ukikubali kuja, tutakuweka upande wa kulia wa dramu, ili matoazi yawe mbali na sikio lako lililobaki zima, na ile sehemu ya tatu ya usiku tutakuachia wewe uichague.